Alama Tano Kavu

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua tangu alfajiri. River Road, hapa Nairobi, imejaa maji ya rangi ya chai na viatu vyangu vya kahawia haviwezi tena kuitwa viatu. Nimefika kazini nimechelewa dakika ishirini. Mwangangi, mwenye duka letu la uchapaji, alitazama saa, akatazama viatu, akarudi kwenye rula yake. Mtu huyu hupima kila kitu. Naamini hata chapati huipima kabla ya kuila.

Saa nne akaja Beryl, dada wa ile ofisi ya Hurlingham inayosaidia vijiji vya mtoni. Ana kazi ya haraka, itoke kabla ya Pasaka. Stika za nguzo ya kupimia maji, seti tatu, mbili za akiba, kijiji cha Mpungani, delta ya Tana.

Mpungani! Kwetu! Nilizaliwa hatua mia moja kutoka nguzo hiyo. Nikamwambia Beryl. Akafurahi, akasema basi kazi itafanywa kwa moyo.

Wakati wa chai nikasoma karatasi zake. Nguzo ya mita mbili. Alama ishirini, kila moja sentimita kumi. Chini kijani, katikati njano, tano za juu nyekundu. Maji yakimaliza alama ya kumi na tano yakagusa nyekundu, kamati ya maji inakata Tuta la Kaskazini, mto upumulie mashambani badala ya kuingia kwenye nyumba za watu.

Nikasoma tena. Tuta la Kaskazini. Nyuma ya tuta hilo kuna mpunga wa Mama. Ekari moja na nusu, chakula chake cha mwaka mzima, na bado haujavunwa.

Nikampigia Mjomba Shamsudin, katibu wa kamati. Nikamwomba, kwa heshima zote, mwaka huu wakate Kusini. Akasema matuta ni sita, yanakatwa kwa zamu, na Kusini walikatiwa mwaka jana. Kila msimu maji yakishuka wanakaa, wanatazama yalipita wapi na yalimuumiza nani, wanabadilisha kanuni. Ya mwaka huu ilipitishwa Februari, kijiji kizima kikiwapo, na mamangu kwenye mkeka wa mbele. Alama tano zikibaki kavu, wanakata. Haibadilishwi kwa simu. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Zikibaki tano, asema Mjomba. Ikifika kumi na tano, zasema karatasi za Beryl. Yote mamoja. Ishirini toa tano. Watu wa kwetu wanapenda kuzunguka.

Nikampigia Mama. Mpunga umeanza kuinama, anasema. Wavunaji amewapanga Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe ishirini na nne. Maji yanapanda polepole, Mungu akipenda tutawahi. Mama hana mpango. Mimi ninao!

Jumanne, 15 Aprili

Mpango ni huu. Kila alama iwe sentimita kumi na mbili badala ya kumi. Nani ataona sentimita mbili? Lakini mbili mara kumi na tano ni thelathini. Maji ya kwetu hupanda kama sentimita tano kwa siku. Siku sita za ziada! Mama atavuna, ataanika, atapura, na bado tuta litakuwa zima.

Kuhusu kijiji, nimefikiria pia. Mimi si mnyama. Hata kwa alama zangu zitabaki sentimita ishirini kabla maji hayajafika kilele cha nguzo. Ishirini zinatosha sana. Kamati ni waoga tu.

Nimechapa sampuli moja ya kweli kwenye mabaki ya roll nyingine, ya sentimita kumi kamili, ya kuonyesha watu. Kisha nikachapa seti tatu za kwangu. Kila seti vipande vinne, kila kipande alama tano. Mashine ilipokuwa ikitoa cha mwisho, Mwangangi akatokea nyuma yangu.

"Muza, hii roll imeisha aje? Mimi nilihesabu mita sita, hapa naona saba na kitu."

Nikasema ni ukingo wa kukata. Akasema ukingo gani wa mita nzima. Akachukua rula. Rula ikashuka, ikagusa stika. Sikuwa na muda wa kufikiri. Nikaigonga chai yangu kwa kiwiko, kikombe kizima, ya maziwa, moto, upande wa mashine. Mwangangi akaitupa rula na kuirukia mashine kama mtu anayeokoa mtoto. Tukapangusa nusu saa. Rula hakuikumbuka tena.

Nimeungua mkono. Si kitu. Kwa ajili ya Mama.

Jumatano, 16 Aprili

Pigo! Beryl amesema stika haziendi bila saini ya Mzee Ochola, mhandisi wa maji aliyestaafu, anayekaa Spring Valley. Nimepanda kile kilima kwa miguu, mvua ikininyeshea, sampuli ndani ya mfuko wa plastiki kifuani. Mlinzi wa getini akaniuliza mara nne natoka wapi. Mbwa hakuuliza kitu, alinitazama tu. Nilimpenda zaidi mlinzi.

Mzee Ochola ana tepu yake mwenyewe, ya chuma. Akaitandaza sampuli mezani akapima alama zote ishirini, moja moja, midomo ikisogea. Nilimtazama huku nikijua kipimo ni sahihi, na bado jasho lilinitoka. Mtu mwema hutoka jasho hata anapokuwa sahihi.

Akatia saini. Kisha akaniuliza kama kwetu wanasoma nguzo kuanzia chini au kuanzia juu, kwa sababu amewahi kufanya kazi mahali wanasoma kinyume. Nikacheka kidogo, kwa adabu. Nikamwambia mimi ni mtoto wa pale. Tunasoma kuanzia chini, kama watu wote. Akasema hata hivyo nipige simu niulize.

Nipige simu niulize! Miaka kumi na moja Nairobi haijanifanya mgeni kwetu. Nimeshuka kilima nikiwa na saini na hasira.

Alhamisi, 17 Aprili

Hurlingham. Nimempelekea Beryl seti tatu zimekunjwa na kufungwa kwa utepe wa gundi, safu tatu. Nilitaka awe mvivu wa kufungua. Akachukua makasi. Anataka picha ya ukumbusho, mimi na stika, ya kubandika ukutani ofisini. Nikasimama nimeshika kipande cha nyekundu kifuani kama mfungwa. Akasema nitabasamu. Akasema kipande ni kirefu kuliko alivyofikiria. Nikamwambia plastiki hunyooka kwenye mvua.

Ameamini! Msichana amesoma hadi chuo kikuu. Mzigo unaondoka leo jioni. Nimekula mahamri mawili kwa furaha.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu, duka limefungwa. Nimeswali Ijumaa mjini. Hotuba ilikuwa juu ya wale wanaopunguza mizani. Nilikaa nyuma ya nguzo. Mimi sikupunguza, niliongeza.

Mjomba ametuma ujumbe kwa wote walio mbali, kama afanyavyo kila jioni msimu wa maji. Leo kwenye alama za zamani zilizochongwa kwa kisu, zimebaki nane na nusu kavu. Stika zimefika. Kesho wanabandika.

Jumamosi, 19 Aprili

Ujumbe wa Mjomba: zimebaki sita na nusu.

Nimeusoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikausoma tena. Jana nane na nusu. Leo sita na nusu. Kwa stika zangu maji yalipaswa kuonekana yameshuka. Yaani mto umepanda vile kwa siku moja? Nimempigia Mama. Hapana, anasema, mto haukufanya haraka. Wote wanashangaa. Lakini stika ni nzuri, zinang'aa, hata yeye mwenye macho mabovu anaziona kutoka mlangoni. Akaniambia amejivuna mbele ya watu kwamba ni kazi ya mwanawe. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshika ngazi wakati wa kubandika.

Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za kuku, walianzia wapi kubandika.

"Juu, mwanangu. Wapi tena? Kilele cha nguzo ni sakafu ya msikiti. Twahesabu kilichobaki kabla maji hayajaingia msikitini. Umesahau?"

Kipande kilichozidi chini, akasema, wamekizika matopeni.

Nimesahau. Nilikuwa nahesabu kavu na babu kila asubuhi kabla ya madrasa, kidole kikishuka kutoka juu, na nimesahau! Nikachukua kalamu. Alama tano za kumi, kutoka juu, ni sentimita hamsini. Alama tano zangu ni sitini. Sikuwaongezea siku sita. Nimewapunguzia mbili! Kwa kipimo cha kweli maji yangegusa nyekundu Ijumaa, siku moja baada ya mavuno. Kwa changu yatagusa Jumatano, siku moja kabla.

Nimekaa kitandani nikishika kichwa. Naogopa. Naandika wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma: naogopa sana.

Jumatatu, 21 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Jana yote nilitunga maneno, leo nimeyatumia.

Jaribio la kwanza. Nimemwandikia Mjomba kwamba kiwanda kimetangaza wino wa stika zile una kasoro, zibanduliwe mara moja. Akajibu kwamba wino ni mzuri ajabu, ameusugua kwa sabuni na hautoki.

La pili. Nimempigia Mama avune kesho. Akasema bado kuna maziwa ndani ya punje, siku tatu tu. Na wavunaji ni wanawake kumi na wawili wanaozunguka kwa zamu, kesho wako shambani kwa mwingine. Nikasisitiza. Akauliza kama nina homa.

La tatu. Nimempigia tena Mjomba nikisema nimeota ndoto mbaya juu ya nguzo. Akasema nisome dua nilale upande wa kulia.

Maji yako chini ya nyekundu kwa upana wa kiganja.

Jumanne, 22 Aprili

Vidole vitatu.

Nilimwomba Mwangangi ruhusa, nikaenda Hurlingham kwa miguu ili nipate muda wa kupanga ungamo. Ungamo dogo, la heshima. Nikamwambia Beryl huenda, nasema huenda, mkasi wa mashine ulikosea kidogo. Akaacha kuandika. Akauliza kidogo kiasi gani, kwa sababu kuna watu mia mbili wanalala kwa kutegemea hiyo nguzo, na akachukua simu ampigie Mzee Ochola. Nikaiona ile tepu ya chuma. Nikaiona picha yangu ukutani, nimeshika ushahidi kifuani.

Nikasema nimechanganya na kazi ya mteja mwingine. Mabango ya saluni. Nikaaga.

Mwoga! Nimejiita hivyo njia nzima hadi River Road, kwa sauti, mpaka muuza soksi akaitika.

Jumatano, 23 Aprili

Saa tatu asubuhi Mjomba ametuma ujumbe: maji yamegusa nyekundu. Kamati iko tutani. Majembe yako tutani.

Nilikuwa nimeshika kadi za harusi za mtu. Nikaziacha zikaanguka. Nikatoka hadi kwenye ngazi, nikapiga. Akashika kwa mlio wa kwanza, nyuma yake watu wengi wanazungumza.

"Mjomba, msikate. Alama si za kweli. Nimezirefusha mimi."

Akaniuliza nimezirefusha kwenda wapi. Nikamwambia yote. Sentimita mbili, chai, mhandisi, mpunga wa Mama. Nikamwambia kwa kipimo cha kweli bado wana siku mbili. Wangoje kesho tu, Mama avune, wakate kesho kutwa. Hakunitukana. Heri angenitukana. Alisema, "Ngoja," nikasikia akiwarudia watu maneno yangu, neno kwa neno.

Nimesimama kwenye ngazi ile muda gani sijui. Watu wakinipita na maboksi ya misumari. Niliwasikia wakibishana palepale, wamesimama kwenye matope, kikao kamili. Mtu wa Kusini, wa Kusini hasa, akasema kama ni kweli basi wamngoje Mama Zainab, mamangu, siku moja, ni haki yake. Wengine wakakubali. Nikasema alhamdulillahi. Nililia kidogo.

Kisha sauti ya Mama kwenye simu, karibu kabisa.

"Muzammil, Ijumaa kipimo kilisema nane. Kesho yake kikasema sita. Leo wewe wasema vingine. Sasa watu walale juu ya neno la nani?"

Nikasema la kwangu, Mama, safari hii ni kweli. Akasema huenda ni kweli. Lakini kijiji kikingoja leo kwa ajili ya shamba lake, kwa neno la mwanawe aliyeharibu nguzo, mwaka ujao hakuna atakayekubali kukatiwa kwa zamu. Kila mtu atakuwa na mwana Nairobi. Akanirudishia Mjomba.

Mjomba hakukata simu. Sijui alisahau au alitaka nisikie. Nikasikia jembe moja, peke yake, likiingia kwenye udongo. Halafu tena, lilelile. Mwanamke akisema, "Mama Zainab, basi, tuachie sisi." Halafu majembe mengi. Halafu maji.

Siku moja tu! Angengoja siku moja tu!

Alhamisi, 24 Aprili

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mavuno. Wale wanawake kumi na wawili walikwenda vilevile, maji kifuani, wakakata walichofikia. Mpunga mbichi hauwekeki. Wameukaanga na kuutwanga pepeta uwanjani kwa Mama, kijiji kizima kikila. Magunia matatu ya pepeta badala ya mpunga wa mwaka. Mjomba amenieleza kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. Mama hakutaka kuzungumza, alikuwa anatwanga.

Sijala leo. Mwangangi aliniuliza kama kuna mgonjwa nyumbani. Nikasema ndiyo. Akaniwekea nusu ya chapati yake mezani. Sijui kama aliipima.

Ijumaa, 25 Aprili

Habari! Maji makubwa ya bara yamefika Mpungani usiku wa jana, mapema kuliko alivyotazamia mtu yeyote. Mto umepanda ghafla, lakini kwa sababu tuta lilikuwa limeshakatwa, maji yaliishia mashambani. Yalisimama vidole vinne chini ya sakafu ya msikiti. Hakuna nyumba iliyoingiwa. Mjomba anasema wangengoja hadi leo, wangekuwa wanaandika majina ya waliokufa.

Nimetafakari habari hii kwa utulivu. Tuta lilikatwa Jumatano kwa sababu ya nini? Kwa sababu ya stika. Stika za nani? Haya basi. Nimemwandikia Mjomba, kwa unyenyekevu, kwamba kamati inaweza kulitaja jambo hili kwenye kumbukumbu zake kwa namna itakayoona inafaa. Hajajibu. Lazima mtandao ni mbaya kwa mvua.

Jumatano, 30 Aprili

Beryl amekuja dukani. Kamati imekaa mapema mwaka huu, haikungoja maji yashuke. Kanuni mpya mbili. Kwanza, alama zitachongwa kwa kisu kwenye mti, wachongaji wawili, mmoja wa Kaskazini na mmoja wa Kusini, kila mmoja akimpima mwenzake. Pili, zamu ya kukatiwa tuta itaamuliwa kwa kura, mbele ya watu, mvua zinapoanza. Kadi sita, kila moja jina la tuta, zitatiwa kapuni; itakayookotwa kwanza, tuta lake ndilo litakalokatwa. Wazo la Mama! Kadi zichapwe Nairobi, karatasi ngumu, zote sawasawa.

Kisha Beryl, akitazama sakafu, akamwambia Mwangangi kwamba katibu ameomba achape kwa mkono wake mwenyewe. Picha yangu nadhani imetolewa ukutani. Mwangangi hakuuliza sababu. Alipima karatasi mara mbili, akachapa, akaniachia kukata kingo tu, kwa kuwa anakwenda benki kabla haijafungwa.

Beryl ameniletea pia kifurushi cha pepeta kutoka kwa Mama, na ujumbe wa mdomo, ambao aliurudia kwa uangalifu kama alivyoombwa. Mama ananisalimu. Anasema nile vizuri. Anasema, "Mwambie mwanangu asinisaidie tena."

Maskini Mama. Ni uchovu. Mtu aliyepoteza mpunga wa mwaka mzima husema lolote, na amekuwa hivyo siku zote, hajui kuomba. Ndiyo maana anahitaji mtu wa kumfikiria. Nimekula pepeta yote nikiwa kwenye mashine ya kukatia. Tamu sana, ina moshi kidogo.

Kadi ya Kaskazini nimeikata fupi kwa unywele mmoja. Itateleza hadi chini ya kapu, mkono usiifikie. Mwangangi amerudi, amezihesabu sita, amezifunga.